Koti la Mvua la Kuwindia Ndezi

Gunia lililolowa mvua lina harufu yake, na aliyewahi kulivaa hawezi kuisahau hata akijifukiza udi mwili mzima. Ni harufu ya katani iliyochacha, ya mahindi ya msimu uliopita, na ya mbwa aliyelilalia kabla yako. Kwetu Mishomoroni harufu hiyo ilifika kila masika pamoja na mjomba Karisa, kaka yake mama, aliyekuwa akishuka kwa baiskeli kutoka shambani kwake Mwakirunge. Alilivaa gunia lake vile wanavyovaa mahamali wa soko la Kongowea mvua ikiwakuta na mizigo: kona moja ya chini imesukumwa ndani ya kona ya pili, likawa kofia yenye ncha juu na joho refu mgongoni. Akishaingia alilitundika kwenye msumari wa kibarazani, nalo likaanza kudondosha maji sakafuni. Mimi nilikuwa nikimwamkia shikamoo haraka haraka, kisha naenda kutia pua yangu mle ndani ya kofia. Mama alikuwa akisema iko siku nitakuja kunuka ndezi na sitapata wa kunioa.

Ndezi, kwa asiyemjua, ni panya wa majanini, mnene kama sungura aliyeshiba, mwenye manyoya magumu na meno ya rangi ya chungwa. Masika yakianza na majani yakipanda, huingia mashambani na kukata mahindi machanga shina kwa shina. Shamba la mjomba lilikuwa limepakana na machimbo ya mawe yaliyoachwa, na mle kwenye majani marefu ndimo ndezi walimojenga mji wao. Paa na kanga, mjomba alituambia, wana serikali yao, ukimgusa mmoja utaitwa. Lakini ndezi hana wa kumtetea. Basi aliwawinda kwa wavu na mbwa, na nyama yake, nasema wazi, ilishinda kuku. Lakini si nyama iliyonivuta. Siku moja mjomba alisema kwamba ndani ya mvua ndezi husikika akila kabla hajaonekana. Nilimuuliza itawezekanaje kumsikia panya akitafuna na mvua inanyesha. Akacheka, akasema hilo halisimuliki. Neno hilo lilinikosesha raha. Nilikuwa mtoto ambaye akiambiwa kitu hakisimuliki hali chakula mpaka akijue.

Nikaomba nipelekwe likizo ya Aprili. Mjomba akasema mtoto akililia wembe mpe, lakini kwa sharti: kwenye wavu hataki kelele, hata ya nguo. Mama hakucheka. Masika ya mwaka uliotangulia nilikuwa nimeugua kichomi, nikalazwa hospitalini, na mama akalala chini ya kitanda changu akisikiliza nikivuta pumzi. Tangu hapo wingu likitanda Mishomoroni alikuwa akinitazama mimi kwanza, ndipo akumbuke nguo zilizoanikwa. Jioni aliniita, nikaitika abee, akaniambia nitakwenda mara moja. Nikirudi mgongo na kifua vikiwa vikavu, nitaruhusiwa tena. Nikirudi vimelowa, nisimtajie ndezi wala Mwakirunge mpaka nitakapokuwa na nyumba yangu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipojua kwamba masharti yale mawili hayapikiki chungu kimoja. Baba, aliyekuwa kuli bandarini, alikuwa na koti kuukuu la mvua, la manjano, la mpira mzito. Lilikuwa halipitishi tone, lakini ukiinua mkono tu lilipiga kelele kama mtu anayekunja bati. Gunia la mjomba lilikuwa kimya kabisa, ila mvua ikikazana lilikunywa maji mpaka likashiba na kukupa salio. Palikuwa pia na karatasi ya nailoni, ile pana waliyofunikia vitanda dukani, nyepesi na kavu, lakini inachakacha hata ukipumua. Nilitaka kujua kipi kinashinda, na kwa kuwa sikuwa na ndezi, nilitumia kuku wa jirani yetu Bi Mwanaisha, waliozoea kujikinga mvua chini ya mkokoteni. Nilijibandika kipande cha gazeti mgongoni ndani ya shati, nikavaa vazi la kwanza, nikawanyatia.

Nilifanya hivyo kila mvua iliponyesha. Kwa koti la baba, kuku walikuwa wamekwisha kutawanyika kabla sijavuka ua, ingawa gazeti mgongoni lilitoka kama lilivyoingia. Kwa nailoni walinisikia nikiwa karibu kidogo zaidi, wakaruka wakinitukana. Kwa gunia nilifika mpaka nikamshika mkia jogoo, lakini gazeti lilibanduka vipande vipande kama uji. Bi Mwanaisha alinitazama dirishani siku zote hizo. Mwishowe alimwita mama, akamwambia, kwa upole wa jirani mwema, "Wallahi mama Kadzo, mtoto huyu mpeleke akasomewe dua."

Sikupelekwa popote, maana siku iliyofuata nilikuwa nimepata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa rahisi mpaka nikaona haya. Nilivaa nailoni ndani, ikinibana mwili kwa kamba kiunoni na shingoni, halafu gunia juu yake, na kofia nikaitandika nailoni ndani vilevile. Gunia liliizuia nailoni isichakache, na nailoni iliyazuia maji ya gunia yasinifikie. Jogoo nilimshika mkia, na gazeti likatoka kavu, maandishi yote yanasomeka. Mama alilipokea, akaligeuza huku na huku akitafuta unyevu, hakuuona. Mjomba alipokuja alinitikisa mabega na kutega sikio. Hakusikia mchakacho wowote, nami nikajiona mwanamke mwenye akili kuliko wote Kisauni.

Tulikwenda alasiri moja ya mawingu mazito. Mjomba alitandika wavu kwenye kijia kilichokanyagwa na ndezi, akaniketisha kando ya wavu huo nyuma ya kichaka. Yeye na mbwa wake Bahati walizunguka upande wa pili, wakakaa juu ya kifusi cha machimbo ambapo angeweza kuniona. Kazi yangu ilikuwa moja. Nikimsikia ndezi akila upande wangu, niinue mkono. Yeye angemwachia Bahati, na ndezi angekimbilia kijia chake alichokizoea. Nikiinua mapema, kabla ndezi hajafika upande wangu, Bahati angewatimua wote na siku ingekuwa imekwisha. Mjomba aliniambia nisitumie macho kabisa. Kisha mvua ikaja kutoka upande wa Bamburi, ikaanza kwa matone ya kuonja, halafu ikamwagika.

Nilitega sikio, nikasikia mvua. Nikatega zaidi, nikasikia mvua hiyohiyo, ikipiga gunia la kofia na kulia kwenye nailoni masikioni mwangu kama mbaazi zinazomwagwa kwenye sinia. Nilikuwa nimejaribu kila kitu kwa kuku isipokuwa hicho. Nilikuwa nimeuliza kama kuku watanisikia, sikuuliza kama mimi nitasikia. Chini ya kofia ile mvua yote ya Mwakirunge ilikuwa ikinyesha juu ya kichwa changu peke yangu. Mjomba kule juu ya kifusi alikuwa akinitazama, na giza la mawingu lilikuwa likizidi. Nikifunua kichwa maji yatateremka shingoni mpaka mgongoni, na neno la mama nililijua. Nisipofunua, nitarudi mkavu na bila kujua lile nililokuja kulijua, na mjomba hatakuwa na sababu ya kunichukua tena. Halafu nikakumbuka kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaikaza kamba ya shingoni kwa nguvu, nikaivua kofia.

Mvua ilifunguka. Sijui niseme vipi. Kumbe haikuwa mvua moja. Ilikuwa nyingi, kila moja na mahali pake. Palikuwa na mvua ya majani marefu, laini, kama watu wanaonong'ona msibani. Palikuwa na mvua ya mawe ya machimbo, kavu na ya haraka, na mvua ya dimbwi, na mvua ya majani mapana ya mgomba uliokuwa mbali. Na katikati ya mvua ya majani marefu palikuwa na kitu ambacho hakikuwa mvua: kakata, kakata, kimya, kakata. Ni mtu mwenye meno anayekula bila haraka. Niliinua mkono. Bahati alipita kama jiwe la manati, majani yakapasuka, wavu ukavutika kwa kishindo, na mjomba akawahi na rungu lake. Alipoufungua wavu hakunisifu. Aliniuliza tu, "Umesikia?" Nikamjibu kuwa nimesikia, na sote wawili tulijua hatuzungumzii ndezi peke yake.

Nyumbani mama alikuwa amesimama mlangoni na taa nyuma yake. Aliona nywele zangu zinachuruzika, na nilimwona uso ukimbadilika. Nikaanza kueleza habari ya kofia, akanikatiza: "Kichwa kinakauka. Kilicholala hospitali ni kifua." Akanivua gunia, akafungua kamba, akaingiza kiganja ndani ya shati langu mgongoni, kama alivyozoea kunipima homa. Kiganja kikatoka kimelowa. Mjomba akaangalia miguu yake. Mimi machozi yalikuwa yamekwisha kunijaa, kwa kuwa nilikuwa nimeifunga kamba vizuri na sikuelewa maji yale yameingilia wapi. Mama alikitazama kiganja chake kwenye mwanga wa taa. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mtu mwingine akilifanya: alikilamba kidole kimoja.

"Chumvi," akasema. "Hii si mvua. Hili ni jasho lake."

Aliketi chini pale pale kizingitini, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso, na mjomba naye akacheka kwa kuona amesalimika. Mama alinikausha, akanipa uji wa tangawizi, kisha akachukua mkasi wake wa kukatia vitambaa na kuitoboa ile nailoni kwenye makwapa, matundu makubwa, jasho lipate pa kutokea. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba neno lake lilikuwa limetimia na kwamba nitakwenda tena. Nilikwenda masika yale yote, na kichomi hakikurudi.

Siku hizi majani ya mjomba yameliwa na machimbo mapya na nyumba, na upepo ukivuma kutoka Mwakirunge unaleta harufu ya jaa la taka, si ya gunia. Ndezi sijui wamehamia wapi. Juzi juzi binti yangu Neema alikuwa aende na wenzake wa shule kutembea msituni upande wa Kwale, na masika yamepamba moto, nikaenda Nyali kumnunulia koti la mvua. Muuzaji alinionyesha zipu zilizoshonwa makwapani, akanieleza kwa fahari kuwa ndiyo teknolojia mpya, hapo jasho linatoka. Nilicheka mpaka akadhani namdhihaki. Nililinunua, na Neema alirudi jioni mkavu kama kitabu. Niliingiza kiganja mgongoni mwake, nikalamba kidole. Hapakuwa na chumvi wala mvua, na mwanangu alinitazama kama anayemwona mtu akilamba ukuta. Nikamuuliza alisikia nini huko msituni. Akasema alisikia mvua. Nikamuuliza, na ndani ya mvua je? Hakuelewa swali langu, na nilimhurumia, maana hakuna duka ambako ningemnunulia jibu.

Mvua ilikuwa bado inanyesha uani. Nilimwambia avae koti lake, afunge zipu mpaka shingoni, aende akasimame karibu na migomba ya jirani na avue kofia. Alikwenda akinung'unika. Kisha niliona kichwa chake kikiinama upande mmoja, polepole, na manung'uniko yakakatika. Nilitamani kumuuliza anasikia nini, nikajizuia. Nilibaki mlangoni na taulo mkononi, nikiogopa kichomi, na ndipo nilipojua jinsi ilivyomgharimu mama kuniambia nenda.