Dada alisema saa nane, Tate akalala kwenye kabichi

Wakuu, habari za jioni. Kisa hiki nimekishuhudia kwa macho yangu, sina sababu ya kukitia chumvi.

Miaka ile viwanda vya umma vinauzwa, baba yangu alipunguzwa kazi. Alikuwa mlinzi wa usiku kiwanda cha mbao kule Magamba tangu sijazaliwa. Kwetu Lushoto baba tunamwita Tate.

Msikiti ukampa adhana ya alfajiri. Alifurahi huyo!

Shida ni body clock. Mwili ulishazoea lindo. Usiku kucha macho makavu, alfajiri ikikaribia ndio usingizi unambeba. Adhana ikampita mara kadhaa, watu wakaanza kunong'ona apewe mwingine.

"Kazi imenikataa, na msikiti nao unikatae?" aliniambia. Niliumia sana.

Dada yangu akaja likizo kutoka Marekani na kopo la melatonin. Ni homoni ambayo mwili hujitengenezea giza likiingia, ujue usiku umefika. Daktari akampima Tate, akaruhusu dozi ndogo kwa muda mfupi.

"Meza saa nane, usikose," dada akaagiza, akashuka zake Muheza kwa wakwe.

Tate ni mtu wa kufuata amri. Akishaswali adhuhuri, saa nane anameza. Tukawa tunamkuta amelala kwenye matuta ya kabichi, jembe pembeni! Usiku ndio kabisa, anazunguka nyumba kama bado analinda mbao. Majirani wakasema karogwa.

Dada akarudi. "Shikamoo Tate. Dawa unameza saa nane?"

"Marahaba. Hiyo hiyo mwanangu, nikitoka adhuhuri."

"Mchana?!"

Hapo nikashtuka. "Dada, saa nane yako jua limezama au bado?"

"Limezama, watu wanakula."

"Hiyo ni saa mbili, dada!"

Marekani ilishamsahaulisha saa za Kiswahili, eight ya usiku akaiita saa nane. Tulicheka mpaka Tate akatukemea.

Basi ikawa saa mbili usiku, taa inapunguzwa, asubuhi anakaa juani. Usingizi ukarudi taratibu.

Alfajiri moja nikaisikia sauti yake. Ilikwama kidogo mwanzoni, halafu ikapanda. Nililia kitandani, sioni aibu kusema. Adhana ile aliishika mpaka alipofariki.

Funzo: daktari kwanza, na melatonin bila saa sahihi ni kazi bure.

Haya, wenye ndugu ughaibuni: wakiwaambia saa nane, huwa mnauliza ya wapi?