Gari Lililolishwa Mkia wa Kondoo

Gari langu hunukia mandazi. Nikipita sokoni Lodwar, watu hugeuza shingo kumtafuta anayekaanga, kisha wananiona mimi na pikapu langu kuukuu na wanacheka. Nami huwaacha wacheke. Mcheka kilema hafi bila kumfika, na dizeli ikikosekana ndio hao hao wanaokuja kuniomba lifti.

Linatumia mafuta ya kupikia yaliyokwisha kukaanga. Chini lina tangi dogo la dizeli, na nyuma nimefunga pipa jeusi la mafuta hayo. Asubuhi naliwasha kwa dizeli. Injini ikipata moto nageuza koki, nalo linaanza kunywa kutoka kwenye pipa. Kabla ya kulizima narudisha dizeli ili mabomba yasafike. Ndiyo elimu yote. Lakini siku ya kwanza nilipogeuza ile koki, na injini ikaendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichobadilika, nilisimamisha gari kando ya barabara nikashuka kulitazama. Mafuta yaliyokaanga mandazi ya chai ya asubuhi ya watoto wa watu yalikuwa yanasukuma chuma kizito kama nyumba. Niliogopa kidogo, na sioni haya kusema hivyo.

Mafuta mengi nayatoa Kakuma, kwa mama mmoja kutoka Sudan Kusini anayeuza mandazi na samaki wa kukaanga katika kambi ya wakimbizi. Yeye huyaacha yatulie, mimi nayachuja kwa kitambaa mara kadhaa mpaka makombo yaishe.

"Chukua, dada," huniambia. "Leo iko na harufu ya samaki kidogo. Gari yako itavumilia tu."

Na huvumilia. Joto letu, ambalo nimelilaani tangu utotoni, linayafanya mafuta yawe mepesi. Mahali penye baridi yangekuwa mazito, lakini kwetu jua ni nusu ya fundi.

Mama yangu anakaa nje kidogo ya Kakuma, na wakati wa kisa hiki alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, polepole, miaka hadi miaka. Pikapu hajawahi kuliona. Alilijua kwa mlio, kwa harufu, na kwa mkono aliokuwa akipitisha ubavuni mwake kila akipanda, kama anavyopima ng'ombe. Aliponiuliza linakula nini nilimjibu ukweli: mafuta yaliyobaki kwa watu. Nikadhani ameridhika.

Kisha tukasikia kwamba madaktari wa macho wamekuja Lodwar. Habari ilinifikia kwa kuchelewa. Ilibaki siku yao ya mwisho, na hakuna aliyejua watarudi lini. Nikaenda kumchukua mama. Vituo vya Kakuma havikuwa na dizeli juma lile, na kwenye tangi dogo ilibaki ya kuwashia tu. Sikujali, maana pipa lilikuwa na mafuta ya kutosha. Nikalala kwake, tukaondoka alfajiri.

Tulienda vizuri. Nikageuza koki, mama akawa anaimba chinichini kando yangu. Hatujafika hata nusu ya safari, gari likakohoa, likakohoa tena, likazima.

Nikafungua chujio. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kimeganda kama uji wa jana. Nikanusa. Hayakuwa mandazi wala samaki. Alikuwa kondoo.

"Mama, nani ametia kitu kwenye pipa?"

"Ni mimi," alisema kwa Kiturkana, kwa utulivu wa mtu aliyetenda wema. "Jana jioni, ulipokuwa unaoga. Huyu ananibeba siku zote na sijawahi kumpa kitu. Wewe unamlisha mabaki ya watu."

Alikuwa ameyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, yale anayoyahifadhi kwenye chombo chake cha mbao, na baridi ya alfajiri ilikuwa imeyagandisha. Kwetu mafuta hayo hapewi mtu yeyote tu. Hupewa mgeni wa heshima, mzazi aliyejifungua, aliyekufaa siku ya shida. Mimi mwenyewe niliyaonja mara ya mwisho nilipozaa. Nikasimama barabarani na chujio mkononi, nina hasira, na mtu wa kumkemea sina. Utamkemeaje mama kwa ukarimu?

Likapita lori. Dereva akasimama akashusha kioo, akatusalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mama. Panda, huku mbele iko nafasi. Mimi nafika Lodwar."

Nikamsihi mama aende. Akakataa.

"Mnyama aliyekubeba akilala njiani, humwachi."

"Mama, hili ni gari. Na madaktari wanaondoka leo."

"Hajameza bado," alisema. "Ngoja jua."

Lori likaenda. Sijui nilimchukia nani zaidi, mama, kondoo au mimi niliyemfundisha kwamba gari linakula. Nililiweka chujio juu ya jiwe jeusi, nikakaa kwenye kivuli cha mlango. Mama akaketi ameuelekeza uso mashariki, mkono wake ukiwa kwenye tairi.

Jua likapanda, lile lile linalotuunguza ngozi na kukausha mito yetu. Jiwe likaanza kuunguza. Kile kitu cheupe ndani ya chujio kikalegea, kikang'aa, kikatiririka mchangani. Nikagusa pipa, nikarudisha mkono upesi. Nikafungua kifuniko kutazama: mafuta yote yalikuwa yametakata, hata nikaona mpaka kitako cha pipa. Nikarudisha chujio, nikapampu kwa mkono mpaka hewa ikatoka, nikawasha. Injini ikanguruma. Machozi yalinitoka na nikayaacha. Nimeishi maisha yangu yote chini ya jua hilo, na sikuwahi kulishukuru mpaka siku ile.

Mama alipanda bila kusema "nilikwambia". Hiyo nayo ni heshima.

Tulifika Lodwar wakifunga masanduku. Muuguzi alitikisa kichwa, kisha daktari akamtazama mama, alivyosimama akinukia moshi na kondoo, akasema mgonjwa mmoja zaidi hatamuua yeye. Wakafanya jicho la kulia.

Kesho yake muuguzi wa pale Lodwar akamtoa bandeji. Alinitazama mimi kwanza, kwa muda mrefu, akanishika nywele zilipoanza mvi. Kisha akataka apelekwe kwa yule aliyembeba.

Nikampeleka nje. Pikapu lilikuwa limesimama juani, rangi imebanduka, ubavu umebonyea, taa moja imefungwa kwa waya. Akalizunguka lote akilitazama kwa jicho lake jipya, akipitisha mkono palepale alipozoea. Halafu akanigeukia, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli.

"Kumbe amekonda hivi," alisema, "na wewe ukanikasirikia kwa kumpa mafuta."