Harufu Kwenye Kikombe

Asubuhi nimefungua bomba, klorini ikanipanda puani, nikakikumbuka kisima chetu cha Ilagala.

Masika yote kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya kipindupindu. Bwana afya akatia dawa, kesho yake akamwaga maji ya kwanza, ndipo akasema, "Sasa nyweni." Nikanusa kikombe, nikaziba pua. "Mama, yananuka kama sumu!"

Nyuma yetu alikuwepo mwanamke mkimbizi, mtoto mgongoni na ndoo imeshajaa, aliyevuka ziwa kukimbia mauaji. Alinitazama, akamwaga ndoo yake, akashuka kuchota ziwani.

"Dada, rudi! Huko kuna kipindupindu!" mama aliita. Hakugeuka.

Siku ya nne alirudi kisimani peke yake, akanywa kikombe kizima bila kunusa. Kitenge alichombebea mtoto alikuwa amejifunga kiunoni.