Mtihani Baada ya Jua Kuzama

Niliondoka Musoma kwa sababu ya maziwa. Chama chetu cha ushirika kinakusanya maziwa ya wafugaji, na meneja alipokaribia kustaafu, bodi ikasema atakayemrithi lazima awe na MBA. Mimi nilikuwa naibu wake miaka kumi na moja. Kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, mtoto mgongoni, na digrii vilevile jioni. Akina mama wa chama wakaniambia nenda, tutakusubiri. Bodi ikanipa ruhusa ya mwaka mmoja na nusu, na kwenye barua wakaandika kabisa kwamba haitaongezwa. Mume wangu akaisoma mara mbili. "Basi nenda ukasome," akasema. "Ugali tutasonga wenyewe."

Basi letu lilifika Mutukula, mpakani mwa Uganda, asubuhi, baada ya kulala Bukoba. Afisa wa mpakani akaangalia barua yangu ya chuo, akaniangalia mimi, akauliza kama mwanafunzi ni binti yangu. Nikamwambia mwanafunzi ni mimi. Akagonga muhuri huku anatabasamu, akaniambia nikafaulu, maana mama yake naye alikuwa mbishi hivyo hivyo.

Kampala niliiona kwanza kwa vilima vyake. Ukipanda kimoja unaona vingine vitatu, nyumba zimejaa mpaka juu, migomba katikati. Nilipanga chumba Kisugu kwa Hajati Zaituni, mjane mwenye duka la vitambaa, ambaye mababu zake walikuja na biashara kutoka pwani, yeye akazaliwa hapahapa. Siku ya kwanza nilimweleza kwamba mimi ni Msabato, kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama sifanyi kazi wala sishiki daftari.

"Mimi Ijumaa mchana naacha kazi, wewe Ijumaa jioni unaacha kazi," Hajati akasema, kisha akaniita mama kwa Kiganda. "Tutaelewana, nyabo. Nguruwe tu usiniletee."

Nikamwambia hata sisi hatumli. Akacheka sana, akasema basi hata sufuria tutatumia moja. Na kweli tulitumia moja. Kila Ijumaa alikuwa anavisha ndizi za matoke majani ya mgomba mapema, yaive kabla jua halijaondoka, ili nisiguse moto.

Chuoni nilikuta watu wa aina yangu. Saa kumi na mbili jioni wanaingia, wametoka kazini, wengine na sare za hospitali, na saa tatu usiku bado wanabishana na mwalimu kuhusu faida na hasara kama ndiyo kwanza kumekucha. Hawaanzi neno kabla ya kusalimiana, umeshindaje, nyumbani hawajambo, kazi inaendaje, na mwalimu anasubiri. Sisi tunajiona wastaarabu, lakini kwa salamu Waganda wametuacha mbali.

Muhula wa mwisho, ratiba ya mitihani ikabandikwa. Somo la mikakati lilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nilisimama pale ukutani nikaisoma tena. Kuukosa maana yake ni kusubiri mwaka mzima, na ruhusa yangu ilikuwa inaisha mwezi huohuo. Bodi ingemchukua mtu mwingine.

Nikaenda kwa mkuu wa programu. Hakunifukuza. Akasema utaratibu upo, mwanafunzi anafungiwa chumbani tangu wenzake wanapoanza, bila simu wala daftari, asijue maswali, halafu anafanya wake jua likishazama. Shida ni kwamba lazima mfanyakazi wa chuo akae naye siku nzima, na yeye hana wa kumlazimisha Jumamosi. Nikimpata anayekubali, yeye atasaini kibali.

Siku tatu nilizunguka. Katibu alikuwa na harusi, wa maktaba alikuwa na harusi, mhasibu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Siku ya tatu nikatoka ofisini machozi yamenijaa. Mlinzi wa getini, Afande Okello, mwanajeshi mstaafu kutoka Gulu, akaniuliza nani amekufa. Nikamweleza.

"Jumamosi mimi iko na off," akasema. "Na mimi ni mtu ya chuo. Kitambulisho hii hapa."

Mkuu alipomwona anaingia na kofia mkononi alicheka, kisha akasaini.

Jumamosi hiyo nilitoka Kisugu alfajiri kwa mguu, maana Sabato silipi nauli. Hajati akajifunga ushungi akanisindikiza, tukateremka Namuwongo mpaka kwenye reli. Pale akanishika mkono, akaniombea dua kwa Kiarabu. Sikuelewa neno, ila nilisema amina.

Saa tatu Afande akafunga mlango. Chumba kilikuwa ghorofa ya pili, kina meza mbili na dirisha moja. Nilikuwa na Biblia na kalenda ya kanisa yenye saa za jua kuzama. Yeye naye alizima simu akaiacha ofisini pamoja na redio yake ya kusikilizia mpira, eti kama ni sheria basi ni ya wote. Mchana chini kukawa na kelele za mpira, watu wanashangilia, naye kidole chake kinagonga meza. Nikamsomea Zaburi. Aliniomba nirudie zile za vita.

"Mama, mimi nimelinda watu mingi sana," akaniambia. "Wote ilitaka kutoka. Wewe tu ndiyo inakatalia ndani."

Bahasha ya mtihani aliletewa jioni, pamoja na maneno kwamba jengo linafungwa saa tatu kamili usiku. Mtihani wenyewe ni wa muda wa saa mbili. Nikaanza kuhesabu dakika. Kalenda yangu ilisema jua linazama saa kumi na mbili na dakika arobaini, na ilipofika nikafunga Biblia, nikapiga magoti, nikaifunga Sabato kwa sala. Nikakaa mezani, nikamwambia Afande afungue bahasha.

Afande alikuwa dirishani. "Bado," akasema.

Nikamwonyesha kalenda. Hakuiangalia hata kidogo. Akaniita nije nione, na kweli, juu ya kilima cha Makindye jua lilikuwepo, jekundu, zima.

"Karatasi hii ilitoka wapi?" akauliza.

"Musoma."

"Basi Musoma imezama. Hapa iko bado. Mimi nakaa tangu asubuhi sababu ya hii jua, sasa nafungua namna gani?"

Nilitaka kumwambia kwamba ni dakika chache tu, Mungu anaujua moyo wangu. Nikaiweka kalenda mezani. Hayo ndiyo maneno yaleyale niliyokataa kuambiwa na wengine siku zote. Na mwaka mmoja na nusu kila Jumamosi nilikuwa nashika daftari kwa saa za Musoma, jua la Kampala likiwa bado linaniangalia. Tukasimama pamoja dirishani mpaka ukingo wa mwisho ukaingia nyuma ya kilima. Hapo ndipo akapasua bahasha.

Niliandika mpaka mkono ukafa ganzi. Swali la mwisho sikulimaliza.

Nilirudi nyumbani kwa njia ileile, Mutukula, Bukoba, Mwanza. Matokeo yalinifikia ofisini wiki chache baadaye. Nimefaulu, alama za katikati, na leo mimi ndiye meneja ninayesaini karatasi za maziwa.

Kanisani waliniomba nitoe ushuhuda. Nilipomaliza, mzee wa kanisa akauliza kama ile siku nzima nilipata nafasi ya kumhubiria yule mlinzi.

Nikamjibu kwamba ilipofika jioni, mhubiri alikuwa yeye, na mimi ndiye niliyetubu.