Kadi ya Mtungi Mweusi

Kuna kadi moja ambayo ningeichana kwa meno. Imesimamishwa mbele ya mtungi mweusi katika jumba la shamba la mkonge nje ya Voi, ambalo siku hizi linapokea wageni wenye pesa. Sebuleni mna mitungi tisa, mingine samawati, mingine myeusi, ya udongo uliochomwa ukawa mgumu kama jiwe. Ilitengenezwa Uingereza zaidi ya miaka mia mbili iliyopita na watu walioiga Wayunani wa kale, ndiyo maana imezungukwa na miungu isiyojua kuvaa nguo.

Mama alisafisha jumba hilo miaka thelathini. Wiki ya kwanza, ndiyo kwanza ameshuka kutoka Wusi, kwetu milimani, aliuona weusi usiong'aa wa mtungi ule akadhani ni masizi. Kwetu chombo chenye masizi ni aibu ya mwenye jiko. Akachukua majivu na mchanga, akausugua mtungi kama sufuria ya harusi, mpaka mungu mmoja wa kike akabaki hana pua.

Hawakumfukuza. Afadhali wangemfukuza. Bibi mwenye nyumba alilifanya jambo hilo hadithi ya kuchekesha wageni, akiisimulia huku mama yupo papo hapo anamimina chai, nao wanamtazama wakicheka. Mama alinieleza hayo akicheka pia. Mimi sijawahi kucheka.

Bibi alipokufa, mpwa wake aliyerithi jumba akaiandika hadithi kwenye kadi, kwa Kiingereza: pua iliondolewa na mtumishi mjinga kutoka milimani. Nilienda kumwomba aitoe. Akanijibu kwa upole, upole wa kuudhi, kwamba wageni wanaipenda kadi kuliko mtungi wenyewe.

Mwezi uliopita mama alitaka kuliona tena jumba lake la kazi. Nilitafuta visingizio vikaniishia, nikampeleka. Alisimama mbele ya mtungi, mikono nyuma, kwa sababu askari alishamwambia asiguse. Asiguse, yeye aliyeupangusa vumbi maisha yake yote! Kiingereza hajui. Akaniambia nimsomee kadi.

Nikamwambia imeandikwa kwamba mtungi ulitoka Uingereza, na ni wa zamani sana.

"Basi?"

"Basi, mama."

Akaendelea kuitazama ile kadi, mistari yote ile.

"Miaka thelathini," akasema, "na mimi hawakunitaja."