Jaribio la Kumi na Nane

Ni mimi niliyelizima jaribio la kumi na nane. Nilikana mbele ya mwalimu, nikakana mbele ya bosi, na mume wangu aliponiuliza, bila hata kuelewa anauliza nini, nikakana mbele yake pia. Nilisema lilipotea nikinakili faili. Nilisema nimeliunganisha na la kumi na saba. Siku moja nilisema halijawahi kuwepo, tena kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Kampuni iliyoniajiri hapa Kitale ina programu ya kusajili wakulima. Mkulima huandikishwa jina na namba ya simu, kisha msimu wa kupanda ukifika huenda kwenye ghala la kikundi chake, karani akamtafuta kwenye simu, akapewa mbegu na mbolea. Kazi yangu ni kuijaribu programu kabla haijawafikia watu. Kwa miaka sita niliijaribu kwa mkono. Nilibofya, nikaandika majina ya uongo, nikarudi nyuma mahali ambapo mtu hatakiwi kurudi nyuma. Shahada yangu ni ya Kiswahili na jiografia. Niliajiriwa kuandika barua, lakini nililalamika sana kuhusu programu ile hata wakaona heri wanilipe kwa kulalamika.

Halafu bosi akaniita ofisini. Ni mtu mpole; alinimiminia chai kwanza. Akasema siku hizi majaribio hufanywa na kompyuta yenyewe, kwa skripti, yaani maagizo yanayoandikwa mstari kwa mstari, na atakayekuwa hajaandika majaribio yake yote kumi na nane, yakapita yote, kufikia mwisho wa Januari, atahamishiwa dawati la malalamiko kupokea simu. Niliwahi kushika dawati hilo wiki moja mwenzetu alipokuwa likizo ya uzazi. Kila jioni nilirudi nyumbani Kibomet nikiwa nimekosana na watu ambao sijawahi kuwaona.

Basi nikajiandikisha masomo ya Jumamosi mjini Bungoma, chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, ambapo tulisoma huku tukinusa dawa ya kupe. Mwalimu alikuwa msichana anayelingana na kifunguamimba wangu. Aliniita mathe, na wanafunzi wote wakafuata.

Sitaficha: nilikuwa mbumbumbu. Miaka ishirini nimewasahihishia watu nukta na mkato, sasa nukta mbili nilizosahau mwisho wa mstari zilinifanya nikae asubuhi nzima nikitazama maandishi mekundu. Nafasi nne mwanzoni mwa mstari, si tatu. Herufi kubwa hapa, ndogo pale. Kila jaribio nililoandika lilianza likiwa jekundu, na kila mara kosa lilikuwa langu. La kwanza langu, la pili langu, hadi la kumi na saba. Mtu akipatikana na makosa mara kumi na saba mfululizo, hafiki kwa hakimu mara ya kumi na nane akiwa na la kujitetea.

Kila Ijumaa nililala kwa mama mkwe wangu Kabuchai ili nisichelewe darasani. Mama mkwe hunisamehe mengi kwa kuwa mimi ni mtoto wa walowezi wa Trans-Nzoia waliotoka mkoa wa Kati, watu ambao anaamini huzaliwa wakiwa na haraka.

"Kwa hivyo unafundisha mashine ifanye kazi yako," aliniambia tukichambua mboga. "Halafu wewe ufanye nini?"

"Niiangalie, mayi," nilimjibu, nikimwita mama kwa lugha yao.

"Ah. Kama askari wa benki."

Yeye hana simu, na hataki. Namba anayoandikisha kila mahali, kanisani, zahanatini, kwenye kikundi cha wakulima, ni ya mjane wa boma la pili, ambaye naye ni mkulima na ameandikishwa kwa namba hiyo hiyo. Ukitaka kuongea naye unampigia mjane, na mjane anaita kwa sauti kupitia ua. Mambo ni hivyo kwenye maboma mengi, na ndipo lilipotoka jaribio la kumi na nane. Skripti iliandikisha wakulima wawili kwa namba moja, kisha ikamtafuta yule wa kwanza. Kama bado yupo, kijani. Kama hayupo, nyekundu.

Likawa jekundu. "Mkulima wa Kwanza hakupatikana."

Nilimwonyesha mwalimu.

"Mathe, hiyo nyekundu haikutusi, bana. Si usome vile imesema?"

"Nimesoma. Imesema mimi ni mjinga."

Alicheka, akaniambia labda ukurasa haujafunguka vizuri, niongeze muda wa kusubiri. Niliongeza sekunde tano, kumi, thelathini. Nyekundu. Nilibadilisha majina. Nilifuta yote nikaandika upya. Wiki tatu nilibishana na mistari kumi na miwili. Nikamwendea kijana wa kazini anayeiandika programu yenyewe, naye alikuwa ametoka kubadilisha sehemu ya usajili. Hakuinua kichwa.

"Mum, hiyo ni skripti yako. Huku kwangu iko sawa."

Ningeweza kuchukua simu nikajaribu kwa mkono, kama nilivyofanya miaka sita. Dakika tano tu. Sikufanya hivyo. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mkono ni mambo ya zamani, nami ni mwepesi wa kuamini mabaya yanayosemwa kunihusu.

Ijumaa ya mwisho ya Januari, saa tisa mchana, niliweka alama ya reli, #, mwanzoni mwa kila mmoja wa ile mistari kumi na miwili. Mstari wenye alama hiyo kompyuta huuruka kana kwamba haukuandikwa. Nikabofya. Kijani, kutoka juu hadi chini. Bosi hakuhesabu, alipiga makofi, akaagiza mandazi. Aliyehesabu ni mwenzangu wa meza ya pili. "Si yako yalikuwa kumi na nane?" Ndipo nilipoanza kukana, na nilipoona mtu ameniamini, nikaona kukana ni rahisi kuliko kuandika skripti.

Mwalimu alinipa cheti. Toleo jipya likaenda kwa wakulima. Kufikia mvua za Machi nilikuwa nimepewa wenzangu wawili niwafundishe. Nilikuwa nimesimama nyuma yao asubuhi moja, nikiwaambia wasiogope nyekundu, wasome tu imesema nini, simu yangu ilipolia. Namba ya mjane.

"Ni mimi," akasema mama mkwe. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na magunia yakitupwa. "Niko hapa kwa ghala. Nimepanga laini tangu saa moja, mvua imeninyeshea, na huyu karani anasema ati mimi siko."

"Hauko wapi, mayi?"

"Kwa mashine yenu! Ati kwa hii namba kuna jirani peke yake. Jirani amepewa mbolea yake, ameikalia hapa ananihurumia. Mimi nilijiandikisha kabla yake, hata yeye anajua. Nirudi nyumbani nipande nini?"

Niliketi. Wenzangu wawili waligeuka kunitazama.

"Si wewe uliniambia hii kitu umeipima?"

"Niliipima, mayi."

"Hata hii ya watu wawili na namba moja?"

"Hata hiyo."

"Na ikasemaje?"

Ningeweza kumwambia kwamba faili ilipotea.

"Ilisema hupatikani."

Nilimsikia mjane akimuuliza nimesema nini, naye akimjibu kwa Kibukusu, polepole, kila neno mahali pake. Kisha akarudi kwenye simu.

"Sasa si ungesema?"