Kwenye Gemu Hakuna Shikamoo

Baba yangu si mtu wa kupiga simu asubuhi. Asubuhi ana ng'ombe. Kwa hiyo simu yake ilipoita nikiwa dukani, nilijua kuna jambo kabla sijapokea. Akaitikia shikamoo yangu, kisha akasema gemu imekataa kufunguka.

Nina duka dogo la steshenari huku Rau, lenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi yenye kisirani. Kutwa nzima nahangaika na mitandao ya watu: huyu kasahau neno la siri, yule kajaza fomu ya chuo ikagoma katikati. Msimu ule ulikuwa wa maombi ya vyuo na foleni ilifika barazani. Angekuwa mtu mwingine ananilalamikia gemu saa ile, ningemkatia simu. Kwa baba sikuthubutu, kwa sababu gemu ile ndiyo ilikuwa kitu pekee kilichobaki kati yake na mdogo wangu.

Kwetu Rombo, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee wetu. Mdogo wangu alibaki. Mama alipofariki wakawa wawili tu, yeye na baba, wakipika kwa zamu na kugombana kuhusu chumvi. Kisha baba akaenda msibani kwa shangazi, akalala huko, na mdogo wangu akakata safu nzima ya kahawa chini ya nyumba ili apande parachichi. Kichwani mwake shamba lilikuwa lake tayari. Baba aliporudi akakuta visiki, akamwambia kwamba yeye bado hajafa. Mdogo wangu akabeba begi, akashuka Holili kufanya kazi ya kutoa mizigo mpakani, na tangu siku hiyo hakuna aliyempigia mwenzake.

Holili si mbali na nyumbani. Mtu akiamua, anatoka huko baada ya chai na kufika kwetu kabla ya chakula cha mchana. Kilichowazuia ni shikamoo. Mdogo ndiye huanza, na mdogo wangu aliona akianza atakuwa amekiri kosa lote peke yake. Baba naye hawezi kuanza, baba gani anaanza? Nilijaribu kubeba maneno ya huyu kwa yule, wakanigombeza wote wawili. Nilikasirika sana. Nikaapa sitaingia tena kati yao, na kiapo hicho hakikumaliza mwezi.

Nilimwekea baba gemu ya drafti kwenye simu ili jioni zake zisiwe ndefu sana. Alizoea kucheza drafti ya ubao na vizibo vya soda, na mwenzake wa kucheza ndiye huyo aliyeondoka. Kisha nikamwelekeza mdogo wangu jinsi ya kumpata humo. Akajiandikisha kwa jina la mbwa wetu wa zamani. Baba alipoona jina lile likimwomba mchezo, aliliangalia kwa muda, akabonyeza kukubali. Tangu hapo walicheza kila jioni. Kwenye gemu hakuna shikamoo. Huyu anasogeza kete, yule anasogeza, basi. Kete ya baba ilitoka mgombani, ikazunguka sijui nchi gani ya mbali, ndipo ikashuka Holili. Hawakuandikiana hata neno moja, lakini baba alianza tena kunisimulia mambo ya mdogo wangu: leo amecheza vibaya, nadhani amechoka.

Sasa gemu imekataa. Nikamwambia azime simu awashe. Akarudi akasema bado, inaandika imeshindwa kuunganisha, jaribu tena. Nikamuuliza kama ana bando, akanijibu kwa ukali kuwa yeye si mtoto. Nikamwambia asogee karibu na tangi la maji, ndipo mtandao unaposhika. Akasogea. Bado. Mbele yangu kijana wa chuo alikuwa ananitolea macho, nyuma yake mama mmoja anagonga meza kwa kucha, nami naelekeza mtu kwa simu mahali pa kubonyeza asipopaona. Nikamwambia baba nitapanda mwenyewe nikipata nafasi.

Nafasi haikupatikana, na hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Gemu ile ina sheria: zamu yako ikipita wiki bila kusogeza, meza inafungwa na unahesabiwa umeshindwa. Zamu ilikuwa ya baba. Mbaya zaidi, mdogo wangu ndiye aliyecheza mwisho, na alikuwa amekula kete tatu za baba kwa mpigo. Nilimwandikia kwamba simu ya mzee ni mbovu, avumilie. Akanijibu, "Dada, acha kumtetea. Kafungwa, kasusa. Kama hataki kucheza aseme mwenyewe."

Nilisoma ujumbe ule mara nyingi kuliko ulivyostahili. Nilimwonea huruma, na pia nilitamani kumzaba kofi. Kesho yake nilifunga duka mchana, wateja wakalalamika, nikawaambia waende kwingine. Kwenye gari la Rombo sikuweza kutulia. Nilikuwa nafungua simu yangu na kuifunga, kana kwamba tatizo lilikuwa humo. Nilipoteremka kituoni Mkuu nilichukua bodaboda nikamwambia akimbize, na alipokimbiza nikamgombeza.

Baba alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Tukasalimiana, akataka kwanza nile mtori, supu yetu ya ndizi. Nikasema mtori utasubiri, lete simu. Nikakaa barazani nikaanza kazi. Laini ilikuwa sawa, nilimpigia ikaita. Bando lilikuwepo. Nikamrushia intaneti kutoka simu yangu, ikakataa. Nikaweka alama ya ndege nikaitoa, nikafuta takataka za gemu, nikajaribu kuisasisha, na duka la programu nalo likagoma kufunguka. Kila nilipojaribu, duara dogo lilizunguka, likazunguka, kisha maneno yale yale: imeshindwa kuunganisha, jaribu tena. Nilisimama, nikazunguka nyumba, nikarudi. Baba alinitazama akaniuliza kama kuna nyuki.

Kilibaki kitu kimoja, nacho kilinitisha: kuifuta gemu na kuipakua upya. Baba hana barua pepe, kwa hiyo siku ile ya kwanza nilimwingiza kama mgeni. Akaunti ya mgeni inaishi ndani ya simu. Ukifuta gemu, umefuta mgeni, na meza, na mdogo wangu na jina lake la mbwa. Nilikuwa nimeshafika kwenye kitufe cha kufuta. Ili nijipe muda, nikaweka simu zetu mbili sambamba kwenye meza nilinganishe mipangilio, moja baada ya nyingine.

Juu kabisa, pembeni, simu yangu ilisema 16:10. Ya baba ilisema 10:10.

Nikamuuliza nani kachezea saa ya simu. Akasema hakuna aliyeichezea, yeye kaisahihisha. Kisha akanieleza taratibu, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyotaka kucheka na kulia. Saa yake ya mkononi ilikuwa imetumbukia mfongoni, ule mfereji unaoleta maji shambani, ikafa. Asubuhi iliyofuata aliangalia simu ajue muda wa kupeleka maziwa, akaona namba za kizungu, akazihesabu vibaya, akakuta gari la maziwa limeshaondoka. Akamwaga ndoo nzima kwa nguruwe wa jirani. Jioni ile akaingia kwenye mipangilio mwenyewe, akarudisha saa nyuma mpaka ikasema vile watu wanavyosema.

"Saa ya mishale ukiiangalia, unasoma upande wa pili, umemaliza," alisema. "Hii ya namba haina upande wa pili."

Nikatazama nje. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi kweli, jua lenyewe lilikuwa linasema hivyo. Simu yake ilikuwa sahihi kwa kila mtu mlimani, isipokuwa kwa mashine iliyoko sijui wapi, ambayo ikiona saa yako imepishana na yake inakuona tapeli na kukufungia mlango. Mimi, mtaalamu wa Rau, nilikuwa nimeshika laini, bando na bomba zima la mtandao, na sikutupia jicho saa.

Nikairudisha. Gemu ikafunguka papo hapo, na muziki wake wa kitoto ukasikika baraza zima. Baba akavuta kiti. Katikati ya kioo palikuwa na maandishi mekundu: muda umekwisha, umeshindwa. Meza ilikuwa imefungwa asubuhi ile. Jina la mbwa halikuwa hewani.

Nikasema tumwombe mchezo mwingine. Baba akasema hapana, mtu akishaona umemkimbia, ukimwomba tena unamdhihaki. Akainuka, akachukua panga, akarudi kwenye majani yake. Sikuwahi kumwona akikata majani kwa muda mrefu vile. Ng'ombe wenyewe walikuwa wameshashiba.

Mimi nilibaki nimekaa na hasira. Nilikuwa nimekatazwa kubeba maneno, basi sikubeba neno. Nilichukua ile saa iliyokufa, bado ina tope kwenye kioo. Nikairudisha simu ya baba kwenye saa yake ya Kiswahili, nikaiweka kando ya saa ile, na simu yangu ikiwa mkononi nikapiga picha. Nikamtumia mdogo wangu. Aliishi na mzee yule miaka yote, sikuona haja ya kumwandikia maelezo. Alama zikaonyesha ameiona. Hakujibu. Usiku kucha niligeuka kitandani nikisikiliza migomba, nikijiambia nimeharibu zaidi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulirudi kutoka misani, baba akavua koti, mimi nikapasha mtori. Pikipiki ikasimama chini ya nyumba, pale kwenye visiki. Nikachungulia dirishani. Mdogo wangu alikuwa amesimama katikati ya safu ile ya kahawa iliyokatwa, ameshika kofia ya pikipiki, anaangalia visiki vilivyokuwa vimeanza kuchipua. Hakuna aliyemwambia kwamba vinachipua. Alikaa pale mpaka nikatamani kwenda kumvuta mkono. Kisha akapanda taratibu hadi barazani, alipokuwa amekaa baba.

"Shikamoo baba," alisema.

Nilisimama na mwiko mkononi, na mtori ulikuwa unashika chini, nikauacha ushike.

"Marahaba," alisema baba.

Mdogo wangu akatoa mfukoni saa ya mkononi, ya mishale, iliyonunuliwa Holili. Akaiweka mezani. Baba akaivaa, akaiinua hadi usawa wa macho, akasoma upande wa pili, akaridhika. Kisha akaingia ndani. Nilisikia anapekua chini ya kitanda. Akatoka na ule ubao wa zamani na kopo la vizibo, akaanza kupanga, lakini si kama mtu anayeanza mchezo. Aliweka kizibo hapa, viwili kule, akaacha sehemu kubwa wazi. Mdogo wangu aliinama kuangalia, na nikaona uso wake ukibadilika. Ilikuwa meza yao ileile, ilivyokuwa siku gemu ilipokataa, na zile kete tatu za baba zikiwa zimewekwa pembeni, zimeshaliwa.

"Kaa," baba alimwambia. "Zamu ilikuwa yangu."

Akasogeza.